Ngazi Bila Mzigo

Kuna picha za zamani za Mombasa zinazozunguka sana mitandaoni. Kigari kidogo chenye kiti na kipaa cha turubai kimesimama juu ya reli nyembamba katikati ya barabara. Kwenye kiti ameketi Mzungu wa kofia pana nyeupe, wakati mwingine na mkewe. Nyuma wamesimama vijana wawili Waafrika, mikono tayari imeshika. Kigari hakina injini wala punda. Kinasukumwa na hao vijana.

Kuanzia mwisho wa karne ya 19 mpaka miaka ya 1920, hivyo ndivyo wakubwa walivyotembea kisiwani. Reli zilipita kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini, na matawi yake yaliingia mpaka milangoni mwa maofisa na mabwana wenye uwezo. Mtu aliamka, akanywa chai yake, akatoka nje, akaketi. Akifika ofisini hajaloa hata kwapa. Joto la Mombasa mwalijua. Lile jasho lilitoka vile vile, ila lilimtoka mtu mwingine.

Mei 2020 nilizitazama sana hizo picha, nimeketi ngazi ya juu kabisa ya nyumba tuliyopanga Mji wa Kale, natweta, nasubiri simu iniambie bado hatua ngapi. Nilikuwa na miaka 20, chuo kimefungwa tangu Machi, na mimi na wenzangu watano tulikuwa tunatembea kwenda Voi bila kutoka majumbani mwetu. Kwa hiyo nina sababu zangu za kufikiri kwamba historia ya mazoezi ya mwili hapa kwetu haianzii jimu. Inaanzia kwenye swali la nani alitoka jasho, na kwa ajili ya nani.

Kwanza nikukumbushe hali ilivyokuwa, maana watu wameanza kusahau. Kafyu ya nchi nzima ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Halafu tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba mitaa miwili itafungwa yenyewe kwa siku 15: Eastleigh kule Nairobi, na Mji wa Kale hapa kwetu. Masoko yafungwe, mikahawa ifungwe. Siku 15 zikaongezwa mpaka tarehe 6 Juni. Tukawa kisiwa ndani ya kisiwa.

Ndani ya mtaa ungeweza kutoka kwenda dukani. Lakini sisi tulikuwa na Bibi, mwenye sukari na presha, chumba kimoja na sisi, kwa hiyo kwetu mlango ulifungwa kweli kweli. Baba ni hamali. Anasukuma mkokoteni Marikiti na maeneo yake, viungo, mchele, vitunguu, chochote. Siku mtaa unafungwa mkokoteni wake ulikuwa ng'ambo ya kizuizi, umefungwa mnyororo kwenye mti. Kwa mwezi mzima alikuwa akiuliza habari za ule mti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Wazo la shindano lilitoka kwa mwenzetu wa Likoni aliyekuwa akifundisha mazoezi kwenye jimu moja iliyofungwa. Alianzisha grupu la WhatsApp, akatuwekea jedwali. Tutoke Mji wa Kale mpaka Voi, kilomita 150 na ushei, kwa siku 31, kila mtu nyumbani kwake. Safari ikagawanywa vipande vinne na kila kipande kikapewa zoezi lake kuu. Cha kwanza, kufika Mariakani, ni ngazi. Cha pili, mpaka Mackinnon Road, ni kamba. Cha tatu, mpaka Maungu, ni kukimbia pale pale ulipo. Cha nne, kuingia Voi, kila mtu achague mwenyewe. Simu inahesabu hatua, hatua 1,300 tunaandika kilomita moja. Hiyo ni kama hatua 6,500 kwa siku. Usiku unatuma picha ya namba yako. Usipotuma, unaonekana kwenye ramani umebaki peke yako Miritini, na wenzako hawana huruma.

Usione kama ilikuwa ajabu sana. Dunia nzima ilikuwa inafanya vituko kama hivyo. Machi hiyo Mfaransa mmoja, Elisha Nochomovitz, alikimbia marathoni nzima kwenye roshani ya fleti yake karibu na Toulouse, roshani yenye urefu wa mita 7, akienda na kurudi kwa saa 6 na dakika 48. Tarehe 3 Mei mabingwa watatu wa kuruka kwa upondo walishindana kupitia video, kila mmoja kwenye uwanja wa nyumba yake. Tofauti yetu ni kwamba hatukuwa na roshani ya mita 7 wala uwanja. Tulikuwa na ngazi.

Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, vichochoro vyembamba ili kivuli kisikatike, na ndani ngazi zinapanda wima kama za mnara. Yetu ina vidato 46 kutoka mlango wa chini mpaka paa. Nilikuwa napanda na kushuka baada ya futari, tumbo lina uji na mbaazi, nikijua kila kidato kwa sauti yake. Siku ya pili Baba alikuwa amekaa kwenye kidato cha kumi na kitu, kofia magotini, akanitazama napita mara ya tatu.

"Mama, kuna nini huko juu?"

"Hakuna kitu, Baba. Nafanya mazoezi."

"Wapanda ngazi mikono mitupu?" Akafikiri kidogo. "Si uchukue mtungi wa maji upande nao, iwe kazi."

Grupu walicheka nilipowasimulia. Mimi pia nilicheka, halafu nikauchukua mtungi. Maji kwetu hununuliwa, lita 20 kwa mtungi, na mtu wa kuyapandisha mara nyingi ni Baba au kijana wa mkokoteni wa maji. Kilo 20 ngazini si mchezo. Vidato 46 vinageuka kuwa mia. Mkono unakatika, mtungi unakugonga goti, unasimama kila mzunguko wa ngazi kubadilisha mkono. Safari mbili zikanitosha.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu njia tuliyokuwa tukijidai kuipita. Kabla ya reli, kutoka Mombasa kwenda bara ulikuwa ni mwendo wa miguu, na mizigo ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Mtungi wangu mmoja na nusu, kwa wiki, kwa miezi, na si kwenye kivuli cha ngazi. Machi 1883 Joseph Thomson wa Uskochi aliondoka Mombasa akapita Rabai na Taru kuelekea Taveta na Umasaini. Alirudi akaandika kitabu, Through Masai Land, kikatoka 1885, na jina lake likawekwa kwa swala na kwa maporomoko ya maji. Wabebaji wake walitembea kilomita zile zile, na mzigo juu.

Halafu ndugu yangu, sisi tulikuwa tunalalamika kipande cha kwanza.

Jambo moja lilinifurahisha kwenye kipande hicho. Kwenye ramani, baada ya Makupa na Changamwe, kulikuwa na mpaka wa kaunti uliowekwa polisi usiku na mchana. Malori tu ndiyo yaliyopita. Sisi tulipita siku ya tano, saa tatu usiku, wakati wa kafyu, watu sita. Mwenzetu wa Likoni aliandika kwenye grupu, "Tumevuka, wala hawajatuuliza barakoa."

Kipande cha pili kilikuwa kirefu na kibaya. Kuruka kamba ndani ya chumba chenye feni ya dari si jambo la kushauriwa, kwa hiyo nilipanda paani, katikati ya madishi na nguo zilizoanikwa. Huko juu unaona paa za jirani, minara ya misikiti iliyonyamaza swala za jamaa, na bahari ya bandari ya zamani. Upande wa pili ukuta wa Ngome. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ikazingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliojifungia ndani, Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao, wakafa kwa maradhi kuliko risasi. Miezi 33 kasoro. Nikiona uchovu siku ya 12 nilikuwa naitazama ile kuta naona haya.

Kwenye ramani tulikuwa Taru. Wasafiri wa zamani waliiogopa kuliko Wamasai. Nyika ya miiba na vumbi jekundu, maji hakuna ila kwenye ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Msafara ukizikuta zimekauka, basi. Mpagazi alibeba mzigo wa tajiri kwanza, maji yake mwenyewe baadaye, akipata nafasi.

Tukafika Mackinnon Road sikukuu ya Idi, Jumapili tarehe 24 Mei. Hatukupanga hivyo, hesabu ndiyo iliyotufikisha. Idi bila kutoka nje, bila Makadara kujaa watoto na bembea, Bibi amevaa kanga mpya ameketi kitandani anapokea simu za watu. Tambi zilipikwa. Grupu likakubaliana kupumzika siku moja, na mmoja wetu akasema tumepumzika pazuri, kwa Baghali Shah.

Ukipita barabara ya Nairobi umeuona ule msikiti kando ya reli, na madereva wakisimama kuomba dua ya safari. Pale amezikwa Seyyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyekuja kujenga reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, na zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 wao walikufa. Tumezoea kusimuliwa habari za simba wa Tsavo, lakini simba walikula wachache. Malaria, kuhara na kazi yenyewe ndizo zilizowamaliza wengi. Kuhusu Baghali Shah watu husimulia kwamba alipobeba karai la kokoto, karai lilielea angani juu kidogo ya kichwa chake, halikumgusa.

Naipenda sana hadithi hii, na si kwa sababu ya muujiza peke yake. Tazama karama waliyomchagulia mtakatifu wao watu waliokuwa wakibeba makarai kutwa. Kwamba mzigo haukumlemea. Nilimsomea Baba, akanyamaza kidogo akasema, "Huyo alijaaliwa." Halafu akauliza kama kuna mtu amepita karibu na ule mti.

Kipande cha tatu ndicho kilichotaka kutuvunja. Kukimbia pale pale ulipo ni zoezi la kijinga zaidi duniani. Ngazi angalau zinapanda. Kamba ina mlio. Hapa unatazama ukuta, miguu inakwenda, ukuta hauendi. Wawili kati yetu waliacha kutuma namba. Binamu yangu wa Majengo, ambaye hakufungiwa mtaa na angeweza kwenda zake Makupa na kurudi, alisema waziwazi kwamba haoni maana.

Maana niliitafuta kwa watu waliofungwa kweli. Wa kwanza kunitokea kwenye simu sikumpenda, Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler. Alihukumiwa miaka 20, akawekwa gereza la Spandau, Berlin. Mwaka 1954 akaanza kuhesabu mizunguko yake kwenye bustani ya gereza na kuiandika kama safari, kwanza Berlin hadi Heidelberg, halafu mashariki, Asia yote, akavuka kwenda Amerika. Alipoachiliwa 1966 alikuwa amefika kusini ya Guadalajara, Meksiko, zaidi ya kilomita 31,000, akisoma vitabu vya kila nchi aliyoipita. Tuseme ukweli, shindano letu lilikuwa lake, jedwali na ramani na yote. Ila huyu ni mtu ambaye viwanda vyake viliendeshwa na mamilioni ya watu waliolazimishwa kazi, wengine mpaka kufa. Hatua zao hakuna aliyeziandika. Yeye zake alizihesabu moja moja.

Wa pili ni Mandela. Kule Robben Island, kwenye chumba ambacho akinyoosha mwili kichwa na miguu vinakaribia kuta, alikuwa akiamka alfajiri Jumatatu mpaka Alhamisi anakimbia pale pale mpaka dakika 45, halafu pushapu 100 za ncha za vidole, kujikunja tumbo mara 200, kuchuchumaa mara 50. Ukimaliza kustaajabia namba, kumbuka kwamba kwa miaka mingi mchana alipelekwa machimbo ya chokaa kuvunja mawe. Yaani jasho lilikuwa tele. Serikali ilimtoza jasho kila siku. Na bado alitoa lingine asubuhi kabla yao, la kwake.

Hapo nikaelewa swali la Baba lilivyo gumu. Yeye aliona ngazi bila mzigo ni upuuzi wa watu wenye nafasi, na ana haki, kwa sababu kubaki nyumbani ukitafuta la kufanya na mwili wako ni starehe. Lakini mwili wa Baba kwa miaka 30 haujawahi kutoka jasho lisilo na bei. Sijui ni nani kati yetu wawili wa kuonewa huruma hapo.

Ngome yenyewe ilikuwa gereza, usisahau. Waingereza waliigeuza jela 1895 na ikabaki hivyo mpaka 1958, ndipo ikaja kuwa makumbusho. Bibi alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na anakumbuka wafungwa wakitolewa kwa foleni kwenda kufanya kazi. "Twalikuwa twakimbia kuwatazama," aliniambia, "na wao watutazama sisi."

Bibi ndiye aliyeokoa kipande cha nne.

Kwa siku 20 na zaidi alikuwa ameniangalia kitandani bila kusema. Siku tulipoambiwa kila mtu achague zoezi lake, akaniita. "Hebu ndoo hapa. Hiyo yenu ya kurukaruka ni ya watoto. Simama wima." Akanifundisha lelemama.

Ngoma hii ya wanawake ilitawala Mombasa nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Vilikuwepo vyama, na vikubwa viwili vilivyopingana ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Kila chama kilikuwa na viongozi wake na vyeo vyake, sare zake, watungaji wake wa mafumbo ya kuwachoma wapinzani. Wakishindana, hushindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa maneno, kwa wingi wa watu. Mama yake Bibi alikuwa na upande wake na mpaka leo nyumbani kwetu upande wa pili hausifiwi. Ukiniuliza mimi, grupu letu la watu sita lilikuwa chama cha lelemama kilichopungukiwa na vazi.

Lakini kuna kitu nyuma ya ngoma hii. Mji ule wa wanawake ulikuwa mji wa utawa. Mwanamke wa nyumba kubwa hakuonekana barabarani mchana. Huko Lamu akitoka alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa kumzunguka. Yeye alikaa ndani kwa sababu palikuwa na mwanamke mwingine wa kwenda kisimani, sokoni na shambani. Heshima ya mmoja ilikuwa miguu ya mwingine. Utumwa ulipofutwa kisheria Pwani ya Kenya 1907, mpango huo ulianza kulegea, buibui likaenea, na kwenye vyama vya ngoma waliingia wenye asili ya uungwana na wenye asili ya utumwa. Usidhani walikuwa sawa. Ila walikuwepo, na wote waliucheza mwili wao kwa ajili ya kutazamwa na wanawake wenzao, hakuna aliyetumwa.

Na ni kazi! Lelemama haina haraka, mwendo ni wa taratibu sana, mikono na kichwa vinakwenda kwa kipimo, mgongo usiyumbe, uso usionyeshe kitu. Baada ya nusu saa misuli ya miguu ilikuwa inawaka kuliko Taru yote. Bibi amekaa, anapiga kijiko kwenye kikombe, anasema "polepole, polepole, wakimbilia wapi?" Nikatazama simu. Hatua 41.

Tulijadili sana kwenye grupu kama lelemama ihesabiwe. Programu haikuiona. Mwenzetu wa Likoni, ambaye kwa kanuni zake alikuwa kama refa wa Kombe la Dunia, aliniomba video, nikakataa kumtumia Bibi yangu mitandaoni, akaomba basi anisikilizishe sauti ya kijiko. Mwisho tukapitisha kwamba nusu saa ya lelemama ni kilomita tatu. Nasimamia uamuzi huo mpaka leo.

Jioni zile Baba naye alianza kuzungumza, labda kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Alinisimulia habari alizopokea kwa wazee wa bandarini kuhusu mgomo wa 1947. Nikazisoma. Tarehe 13 Januari mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa waliacha kazi, wa bandari, wa reli, wa hoteli, wa majumbani, maelfu, na mji ukasimama karibu wiki mbili. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa baadaye mwaka huo akapelekwa Baringo, akakaa kizuizini miaka mingi. Baba hakunisimulia siasa yake. Alichokipenda ni picha moja tu, Kilindini yote kimya, meli zimejaa na hakuna mtu anayeinua gunia. "Siku hiyo ndiyo wakajua," alisema. Wakajua nini hakumalizia. Tulikuwa ngazini, giza, kafyu, mitaa imenyamaza vile vile, ila safari hii kimya hakikuwa cha mahamali.

Tukaingia Voi usiku wa tarehe 6 Juni, watu wanne kati ya sita. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Mji wa Kale na Eastleigh zinafunguliwa na kafyu inasogezwa mpaka saa tatu usiku. Kaunti ikabaki imefungwa. Wikendi hiyo Eliud Kipchoge na wenzake walikuwa na mbio zao za mtandaoni, marathoni iliyogawanywa vipande vinne, wakimbiaji wanne kila timu, kila mtu kilomita 10.5 pale alipo. Siku chache baadaye, tarehe 11, Timothy Cheruiyot na timu yake walikimbia mita 2,000 Nyayo, Nairobi, wakati ndugu wa Ingebrigtsen wanakimbia Oslo, saa ile ile, wanatazamana kwenye skrini. Nairobi ilikuwa mvua na upepo, na urefu wa mji wenyewe ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Wakashinda Wanorwe. Jakob Ingebrigtsen akaweka rekodi ya Ulaya. Nilikasirika kana kwamba nilikuwa kwenye timu. Huwezi kusema ni mbio moja wakati mmoja wenu anapumua hewa nyepesi na kulowa, na mwingine yuko ufukweni mwa bahari.

Chuo kilipofunguliwa mimi sikurudi. Masomo ya mtandaoni yalitaka bando kila siku na karo ilitaka mkokoteni usiosimama, na kufikia wakati huo nilikuwa nimeanza kulipwa kidogo kwa kuandika. Nikabaki.

Jumatatu tarehe 8 Juni Baba alivuka kwenye kizuizi ambacho hakipo tena, akakuta mkokoteni upo, gurudumu moja halina upepo. Nilimwekea simu yangu kwenye mfuko wa shati, nikaufunga kwa pini. Alirudi jioni, gunia za mchele Kibokoni, vitunguu mpaka Bondeni, friji moja ghorofani Kuze, wateja bado wachache. Hatua 14,806. Nikaandika kwenye jedwali, mstari mpya, chini ya Voi. Hakuna aliyepinga kwenye grupu. Siku alizokubali kubeba simu niliandika, siku nyingine alisema inamwasha kifuani. Mwanzo wa Julai, kaunti ilipofunguliwa na mabasi yakaanza tena kwenda Nairobi, kwa hesabu zetu alikuwa amepita Emali.

Nilimwonyesha kwenye ramani. Akaweka kidole pale akakiacha.

"Hapa ndipo zitokapo nyanya," akasema. "Hebu waulize bei."